Kelele Zote za Kibenga Hazikutosha

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa mjini huku Burundi. Buyenzi ukuta wa jirani ndio ukuta wako, redio yake ndiyo redio yako, na akigombana na mkewe unafuatilia kesi mpaka unajua nani mwenye haki. Nilipopata vijisenti nikahamia Kibenga, kusini huku karibu na ziwa, nikitafuta kimya. Ndugu zangu wakasema nimepata. Nilichopata nitakwambia.

Kwanza, vyura. Mwaka 2024 Tanganyika lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu huku chini, na halikuja peke yake. Sasa jua likizama tu wanaanza: mmoja anauliza, elfu wanajibu, na swali lenyewe hakuna anayelielewa. Pili, jirani yangu wa kushoto, mwenye grupu. Mjini watu wanapanga foleni ya mazutu hadi ndevu zinaota, lakini umeme ukikatika, grupu lake linanguruma kabla hujapata kiberiti. Sijui anakamulia wapi. Tatu, buveti ya nyuma, ambako kila Ijumaa kuna kijana anaimba karaoke kwa sauti ya mtu anayedai deni. Nne, mkesha wa Jumamosi wa majirani wanaompenda Mungu kwa bafle nne. Na usiku wa manane, wote hao wakilala, kiboko anatoka ziwani kuja kula majani ya watu, akitafuna bila haraka, maana yeye halipi kodi.

Nimewataja wote hao ili ujue nina uchungu kiasi gani nikisema kwamba wiki iliyopita nilikesha hadi saa nane za usiku nikiongeza kelele. Kwa makusudi. Tena kwa mashine niliyoinunua kwa fedha yangu ili kuondoa kelele.

Chanzo ni baba mkwe. Alishuka kutoka Mwaro na inanga yake, ameiviringisha kitenge kama kitoto kichanga, hata kwenye Hiace alikataa isiwekwe juu ya gari. Inanga, kwa asiyeijua, ni ubao mrefu uliochimbwa katikati kama sinia, na uzi mmoja unaokwenda na kurudi juu yake hadi unakuwa nyuzi nyingi. Na baba mkwe anapiga ile ya kunong'ona. Haimbi. Uzi unatoa sauti ya wimbo, pumzi yake inatoa maneno, na sikio lako mwenyewe ndilo linalozioanisha, mpaka unaapa kwamba mzee anaimba. Hakuimba hata neno moja.

Ngoma zetu hazihitaji msaada wangu. UNESCO waliziandika kwenye orodha yao mwaka 2014, na tangu 1975 mwanamuziki Joni Mitchell alikuwa ameshachukua mdundo wa ngoma hizo akaujengea wimbo. Ngoma unaisikia hata ukiwa upande wa pili wa mlima. Mnong'ono ni mambo mengine. Michel Vuylsteke alikuja kurekodi huku mwaka 1967, na sahani yake ya kampuni ya Ocora ina inanga ya kunong'ona pamoja na hizo ngoma, lakini ukimtajia mtu Burundi, hata siku moja hatakuigizia mnong'ono. Ili uusikie lazima kwanza unyamaze, na kunyamaza kumeadimika kuliko mazutu.

Basi mzee akaniita barazani.

"Mkwe, nataka sauti yangu ibaki. Nitengenezee CD."

"Baba, nitakuwekea kwenye flashi, ni rahisi zaidi."

"Flashi nitaichomeka wapi? Sikioni?"

Nyumbani kwake ana redio ya CD aliyonunuliwa na binti yake, ambaye ni mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi akisubiri nitajibu nini. Nikajibu kwamba CD ni wazo zuri sana.

Ninacho kichumba. Zamani kilikuwa stoo ya mchele na mkaa. Siku hizi kina magodoro mawili ukutani, miksa ya dijitali ya mtumba iliyotoka Dubai kwa mkono wa ndugu wa ndugu, na mashine ya zamani ya kurekodia CD, nzito kuliko gunia la maharage. Kati ya miksa na mashine ya CD kuna waya mmoja tu wa S/PDIF, jina ambalo kampuni za Sony na Philips ziliupa kwa kuunganisha herufi zao, kama wazazi wanaogombea jina la mtoto. Waya mmoja, njia zote mbili za stereo zinapita humo, hakuna mvumo, hakuna kuchuja. Nikajiona mhandisi.

Tulirekodi saa tisa usiku, grupu limelala na kiboko hajafika. Niliweka sauti chini sana, maana mzee ana dole gumba gumu: akikwaruza uzi, taa nyekundu inawaka, na taa nyekundu kwenye dijitali haina msamaha. Kwa hiyo uzi ulifika juu, mnong'ono ukabaki chini kabisa. Sikujali. Miksa ni ya biti 24, nikajiambia, chini huko kuna nafasi tele.

Kesho yake nikawatoa vyura. Ipo programu ya kazi hiyo: unaionyesha kelele, inajifunza sura yake, kisha inaifuta kila inapoikuta. Nilikaa saa sita, chura mmoja mmoja. Mwisho wa kila wimbo nikashusha sauti polepole hadi sifuri, kama wanavyofanya wakubwa. Nikachomeka waya, nikachoma CD, nikavaa vifaa vya masikioni, nikaongeza sauti nisikilize uzi wa mwisho unavyozimika.

Haukuzimika. Uzi wa inanga unatakiwa ufe kifo cha mzee aliyekula miaka yake: polepole, kitandani, watoto wamezunguka. Huu ulikufa kifo cha pikipiki iliyoishiwa petroli. Kr, kr, krr, kimya. Na kimya chenyewe kilikuwa cheusi, cha ghafla, kana kwamba mtu amefunga mlango.

Nikalaumu waya, nikanunua mwingine. Nikalaumu joto. Nikalaumu vumbi, nikapuliza kila tundu. Nikamlaumu mtoto aliyekuwa amechaji simu kwenye ralonji yangu, akaapa kwamba simu hana. Mwisho nikampigia mpwa wangu wa Buyenzi anayepiga sono kwenye maharusi, kijana anayejua mambo mengi na kuvua kofia ndani ya nyumba hajui. Akaja, akala kwanza, kisha akasikiliza.

"Mjomba, umetia ditha?"

"Nimetia nini?"

"Ditha."

Nikadhani ni kiungo. Nikamwita mke wangu nimuulize kama tunayo.

"Ni kelele, Mjomba. Kelele kidogo unayoitia kabla ya kupunguza biti. Hukutia, ndiyo maana inakwaruza."

Hapo ndipo nilipoketi chini. Nimehama Buyenzi kwa ajili ya kelele. Nimenunua magodoro kwa ajili ya kelele. Nimewinda vyura saa sita kwenye kompyuta. Na mtoto wa dada yangu, ameshiba ndagala wangu, ananiambia kilichopungua ni kelele.

Alinieleza, na kwa kuwa niliumia kuelewa, nawe utaelewa. Miksa yangu inapima sauti kwa biti 24, yaani ngazi 16,777,216. CD ina biti 16, ngazi 65,536. Kila ngazi moja ya CD imebeba ndani yake vijingazi 256 vya miksa. Waya unapitisha biti zote 24 bila kulalamika, mashine ya CD inapokea 16 za juu, na zile nane za chini inazikata, chap, kama kinyozi. Haiwashi taa wala haiulizi. Kila biti moja ni takriban desibeli 6, na mnong'ono wa baba mkwe nilikuwa nimeuweka desibeli 48 chini ya kilele. Fanya hesabu: biti nane za juu zilikuwa zimekaa bure, za chini zimekatwa, mzee kabaki na nane za katikati. Uzi ukizidi kufifia zinabaki tatu, mbili, moja. Na biti moja haiwezi kupanda na kushuka taratibu; inawaka au inazima. Wimbi laini la inanga likageuka kuwa umeme wa kwetu.

"Sawa," nikasema, "limekatwa. Sasa kelele itarudisha nini?"

"Mjomba, duka la pale kona hukurudishia chenji?"

Aligusa donda. Mwenye duka lile ni mtu mwema lakini hana chenji tangu nimjue. Tuseme noti ndogo aliyo nayo ni ya faranga 1,000. Nikimdai 300, hana, anakata: sifuri. Kesho nikimdai 700, sifuri pia. Siku akiwa na huruma ananipa bombo. Kila siku anakata kwenda chini, kila siku kwa namna ileile, na mwisho wa mwezi mimi ni maskini na meno yameoza.

Sasa tuseme mwenye duka anaweka kopo lenye vikaratasi, namba 0 hadi 999. Kila nikimdai anachota kimoja bila kuangalia, anajumlisha na deni. Jumla ikifika 1,000 napewa noti. Isipofika, naondoka mikono mitupu. Nikimdai 300, ni vikaratasi 300 tu kati ya 1,000 vinavyoweza kunipa noti. Leo sipati, kesho sipati, keshokutwa napata. Ukinitazama siku moja utasema ni kamari. Lakini katika siku kumi nitapata noti kama tatu, ambazo ni 3,000, na deni la siku kumi lilikuwa 3,000. Kopo la vikaratasi limenilipa hadi faranga ambazo duka halina sarafu yake.

Hiyo ndiyo ditha. Na duka la CD halingojei mwezi: linafunguliwa mara 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo haki inafika kabla hujakohoa. Fujo ya vikaratasi unaisikia kama "shhh" nyembamba, na ndani ya hiyo "shhh" uzi wa inanga unaendelea kuzimika taratibu, hata chini ya ngazi ya mwisho kabisa, mahali ambapo kwa hesabu ya kukata hakuna kitu.

Nikamwambia mpwa wangu kwamba hilo haliwezekani. Akasema walikuwako maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Waterloo huko Kanada, Stanley Lipshitz na John Vanderkooy, ambao mwaka 1984 waliandika kuonyesha kwamba linawezekana. Na si wao wa kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lawrence Roberts, kijana wa MIT, alikuwa ametia kelele kwenye picha za televisheni ili zionekane vizuri kwa biti chache. Baadaye huyohuyo akaongoza ujenzi wa ARPANET, babu wa intaneti. Inasimuliwa pia kwamba marubani wa Waingereza katika Vita Kuu ya Pili walikuwa na mashine za hesabu zenye magurudumu ya meno, zilizokosea zikiwa mezani na kupatia zikiwa angani, kwa sababu mtetemo wa ndege ulizuia meno yasinate. Hadithi hii naisadiki kabisa. Kuna Hiace za mjini kwetu ambazo milango yake hufunguka ikiwa barabarani tu.

Kopo moja lakini lina kasoro. Mwenye duka akiwa hanidai na simdai, hakuna fujo. Nikimdai 500, fujo ni nyingi. Kwa hiyo ile "shhh" inapanda na kushuka kufuata wimbo, na sikio linashtuka. Dawa yake ni makopo mawili. Anayecheza ludo anajua: dadu moja, kila uso una bahati sawa, dadu mbili, saba inatoka zaidi kuliko namba zote, mbili na kumi na mbili ni za nadra. Ukiichora bahati hiyo inakuwa mlima, pembetatu. Ditha ya pembetatu inafanya fujo iwe ileile wakati wote, mzee akinong'ona au akinyamaza. Gharama yake ni kelele ya chini kupanda karibu desibeli 5, ikibaki takriban desibeli 93 chini ya kilele. Kibenga hakuna kitu kilichowahi kuwa desibeli 93 chini ya kitu kingine.

Basi mpwa wangu akaingia kwenye menyu ya miksa, ukurasa ambao sikuwahi kuufungua, maana ulinitisha. Akachagua: njia ya kutokea, biti 16, ditha iwake. Kazi ya dakika moja. Mimi nikawa nimeelewa sana, na mtu aliyeelewa sana ni hatari. Kumbe kwenye programu ya kompyuta nako kuna kitufe cha ditha. Nikakiwasha. Mpwa akanishika mkono.

"Mjomba, isombe inatiwa chumvi na wapishi wangapi?"

Inatiwa pale biti zinapopunguzwa, hapo tu. Kama kompyuta inaipa miksa biti 24, isiguse. Miksa ndiyo inayokata kwenda 16, miksa ndiyo itie. Ukitoka 16 kwenda 24 hakuna kinachokatwa, usitie kitu. Na ukishusha sauti ndani ya mashine ya dijitali, biti zinaongezeka hata kama faili lilikuwa la 16, kwa sababu kugawanya namba kunaleta mikia, na mikia hiyo nayo itakatwa mbele ya safari. Hili la mwisho ndilo lililoniuma: nilikuwa nafikiri kushusha sauti ni kushusha sauti.

Tukachoma CD ya pili. Nikasikiliza. Uzi ukafifia, ukafifia, ukaingia ndani ya ile "shhh" kama mtu anayetembea kwenda kwenye ukungu wa asubuhi huko Mwaro. Hujui ni hatua gani iliyokuwa ya mwisho. Nywele zilinisimama. Nikamwita mke wangu, nikampa vifaa vya masikioni, nikamchezea ya kwanza, nikamchezea ya pili.

"Ziko sawa, Baba Keza."

"Sikiliza mwisho."

"Mwisho kuna nini?"

"Ya kwanza inakwaruza, ya pili kuna 'shhh'."

"Kwa hiyo umekesha siku tatu kutafuta 'shhh'?" Akavua vifaa. "Kachukue mkaa, unakaribia kwisha."

Nikamgeukia mpwa wangu anitetee. Akawa anatazama kofia yake, ambayo kwa mara ya kwanza ameivua.

"Mjomba, kuna jambo sijakwambia."

"Sema."

"Ungewaacha vyura, na usingeshusha sauti hadi sifuri, wala usingehitaji ditha. Kelele ya chumba ikiwa kubwa kuliko ngazi ya CD, inafanya kazi hiyo yenyewe. Wale vyura ndio waliokuwa makopo yako. Ukawafuta, halafu ukashusha hadi sifuri kile kidogo kilichobaki."

Nilimuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Akajibu kwamba nilikuwa nimeshawafuta, na ameona nina hasira, na ndagala walikuwa bado hawajaisha.

Jioni tukamwekea mzee CD yake barazani. Ya pili, ya pembetatu, kazi ya Waterloo. Akasikiliza wimbo wote amefumba macho, mkono juu ya fimbo. Ulipokwisha hakusema kitu. Akaomba urudiwe. Ukarudiwa. Mimi nikawa nangoja sifa, nimeshapanga na jinsi ya kuzikataa.

"Mkwe, ni nzuri," akasema. "Lakini wako wapi vyura?"

"Vyura, baba?"

"Usiku ule walikuwa wananiitikia. Kile kipande cha katikati niliwangojea wamalize ndipo nikaendelea. Sasa watu wa nyumbani watasikia nimenyamaza tu, watasema mzee amesahau maneno."

Nikamwambia nitawarudisha. Nikaenda kichumbani kutafuta faili la kwanza, nikakumbuka kwamba nilikuwa nimelifuta kupata nafasi ya kazi safi. Ikabidi tupange kurekodi upya. Mke wangu akatandika mkeka, mpwa akaomba alale, mzee akaiweka inanga magotini. Saa tisa usiku nikafungua dirisha la kichumba, nikatoa magodoro, nikawasha kila kitu, nikawangojea vyura.

Hakulia hata mmoja. Tulikaa hadi saa kumi na moja na robo. Kisha umeme ukakatika, na grupu la jirani likanguruma.